Maji Mlangoni kwa Mama

Mtaani walimwita Kiberenge, na mwenyewe aliitika. Alikuwa dobi, mtu wa makamo mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa akamaliza kikombe cha chai. Alikuwa akipiga funda moja, anakumbuka shati kwenye kamba, anatoka mbio. Akirudi, chai imepoa na mkewe amekwisha kuimwaga. Lakini mwaka ule hata waliomzoea walikubali kwamba amezidi. Kila wingu lililopita juu ya paa lilimtoa nje na pasi mkononi.

Kilichomkosesha raha ni ua. Ua wa nyumba yake ulibonyea upande wa nyuma, na hapo palipobonyea ndipo kilipokuwa chumba cha mama yake. Maji yakifika pale yalituama wiki nzima, tope likawa la kunata. Mama aliteleza mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili nyonga ikagoma, na tangu hapo akawa mtu wa mkongojo. Ndipo alipokuja dada mkubwa, mwanamke asiyependa maneno mengi, akasimama katikati ya tope na viatu vyake vizuri.

"Mdogo wangu, nakupenda, lakini mama si bata," alisema. "Mvua kubwa zikianza na ua uko hivi, nakuja kumchukua. Na sitakuja kujadiliana."

Kiberenge alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Hakuwahi kuishi mbali na mama yake hata mwezi mmoja. Asubuhi kwake haikuanza kwa jogoo wala kwa redio, ilianza kwa sauti ya mama ikiuliza ng'ambo ya ukuta, "Umeamka, baba?" Dada aliishi mbali, safari ya kutwa nzima. Akimchukua mama, ndiyo amemchukua, na Kiberenge alilijua hilo.

Basi akaanza. Kwanza akaleta kifusi, akajaza ua hadi akatokwa jasho la kisogoni. Ua ukainuka vizuri, ila mlango wa mama ukabaki pale pale chini, na maji yaliyokuwa yakisimama nje sasa yakaingia ndani.

"Mume wangu," mkewe alisema akiukunja mkeka uliolowa, "mgeni hakuwa na njia, wewe umemfungulia mlango."

Akakizoa kifusi, akachimba shimo la kunyonya maji, akalijaza mawe na matofali yaliyovunjika. Siku za mwanzo lilikunywa kwa uchu. Kiberenge akatembea mtaa mzima akilisifu, kana kwamba amepata mtoto. Kisha shimo likashiba. Likacheua maji meusi, na yeye akarudi kuchungulia mawingu.

Safari hii alimwita fundi bomba, jamaa mwenye tumbo kubwa aliyependa utani kuliko kazi, ingawa kazi aliijua. Fundi akazunguka ua, akamwaga ndoo ya maji hapa na pale, akatazama yanakokimbilia.

"Una njia mbili," alisema. "Ya kwanza, bomba la matundu, unalizika ndani ya kokoto. Kwa macho ni zuri, hata halionekani. Ila likiziba, hutajua mpaka uogelee. Ya pili ni mtaro wa wazi mpaka barabarani. Ni mbaya kama deni, lakini ukiziba unauona, unachukua jembe, yameisha."

"Na upite wapi?"

Fundi akanyoosha mkono kutoka mlangoni kwa mama hadi kwenye geti. Mkono ulipita katikati ya karo la kufulia. "Hapa. Ukichimba, mteremko unapatikana hapa tu. Kule kuna msingi wa nyumba, huku kuna mwamba."

"Karo halimo kwenye mazungumzo," Kiberenge alijibu.

Hilo karo lilijengwa na marehemu baba yake, dobi kabla yake. Baba na mama walifulia pale bega kwa bega, na yeye alijifunza kutembea akiwa ameshikilia ukingo wake. Watu wa nyumba ile walilizunguka bila kufikiri. Lilikuwepo kama mtu mzima wa familia, na mtu mzima huambiwi umsogeze.

"Basi chora wewe," fundi alisema, akaondoka zake.

Kuanzia hapo Kiberenge hakushikika. Asubuhi alikuwa mtu wa bomba, mchana mtu wa mtaro. Alimuuliza muuza mkaa, akaambiwa asakafie ua wote. Akamuuliza kinyozi, akaambiwa apande migomba, itayanywa maji yote. Akaunguza kola ya shati la mteja akiwaza kokoto, akasahau mashuka kwenye kamba, akamkaripia mkewe kwa kosa ambalo hakulijua. Roho ilikuwa juu juu. Wingu dogo tu, anasikia gari la dada.

Siku moja ya jua kali, vumbi limetanda, alikuwa na mzigo mkubwa wa nguo. Alifua tangu asubuhi, ndoo baada ya ndoo. Alipopeleka beseni nyuma, akamkuta mama ameinama mlangoni kwake, mkongojo umeegemea ukuta, anasukuma maji kwa kitambaa.

"Mama! Mvua haijanyesha wiki nzima."

"Najua, baba."

"Sasa maji haya?"

Mama akakamua kitambaa. Kilitoa povu. "Maji ya mvua hayana povu," alisema kwa upole.

Kiberenge akatua beseni chini. Miezi yote ile alikuwa akigombana na mbingu, kumbe ni mikono yake mwenyewe. Ile ardhi haikupata nafasi ya kukauka. Alikuwa akiinywesha kila siku, na mvua ikija inakuta imejaa. Shimo nalo liliziba kwa sabuni na nyuzi za nguo.

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Uache kazi? Ulivunje karo la baba yako?" Akaendelea kufuta. "Nikaona nifute tu."

Kiberenge alikwenda stoo, akachukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza kwenye karo lilimtoa machozi na hakuyaficha; mkewe akaja, akaanza kuokota vipande bila kuuliza. Kwa siku chache zilizofuata Kiberenge alichimba kama anayefukuzwa, mtaro mpana kutoka mbele ya mlango wa mama mpaka barabarani. Beseni zake akazihamishia getini, maji ya sabuni yatoke moja kwa moja.

Mvua kubwa ya kwanza ilishuka asubuhi, na dada, aliyesikia utabiri akaanza safari tangu jana yake, akashuka nayo, mwavuli mkononi. Alimkuta mama amekaa kwenye kiti mlangoni. Kati yao mtaro ulikuwa unakimbiza maji kwa kelele.

"Mama, jiandae. Twende."

"Nitatokaje, mwanangu? Huoni ndugu yako amenichimbia mto?"

"Tutaweka ubao."

"Ubao? Na nyonga hii?"

Kiberenge akafungua kinywa, akakifunga. Ubao ulikuwepo nyuma ya nyumba, mnene, wa kutosha watu wawili. Mama alikuwa amepita juu yake alfajiri kwenda kuoga, na ndiye aliyemwambia autoe upesi aliposikia gari.

Dada aliutazama mtaro. Akatazama kizingiti, kikavu. Akamtazama mdogo wake aliyejaa tope hadi masikioni, hathubutu kuinua macho.

"Basi mpaka mtaro utakapofunikwa," alisema.

"Mpaka utakapofunikwa," mama alikubali.

Fundi bomba amekwisha kupita mara kadhaa kuuliza kama alete vifuniko vya zege. Kiberenge, mtu asiyeweza kuona kifungo kimelegea akatulia, humwambia bado anafikiria.