Mlango Usio na Kitasa

Usiku ule nilipanda kitandani na hasira, nikalala nayo kama mtu anavyolala na chakula ambacho hakijashuka.

Sababu yake ilikuwa maneno ya mchana. Mimi ni mshauri wa waumini katika usharika wetu. Kazi hii nimejifunza kwa vitabu vya mtumba nilivyosoma mwenyewe, na kwa kukaa karibu na Mama Damari, aliyeifanya kabla yangu mpaka alipofariki. Mchana ule mchungaji aliniita ofisini akaniambia kwamba kesho, Jumapili ya shukrani, Salome atasimama mbele kushuhudia kuwa Bwana amemponya huzuni. Salome alimzika mwanawe wa kwanza mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Tangu hapo huja kwangu kila wiki.

"Mchungaji, bado hapati usingizi," nilisema.

"Akikiri kwa kinywa, usingizi utakuja. Au unataka awe mteja wako wa kudumu, Mtumishi?"

Wazee wa kanisa waliokuwepo walicheka.

Kwetu, aliyekwisha kushuhudia huhesabiwa kuwa amevuka. Akionekana tena anatafuta ushauri, watu husema imani yake imepoa, kwa hiyo haonekani. Salome alilijua hilo kuliko mchungaji. Nilipompitia nyumbani kumpa habari, alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

"Kaka Ezekia, nikisema nimepona, wiki ijayo nitarudi kwako na nini?"

Niliondoka nimemkasirikia mchungaji, nimewakasirikia wazee, nimezikasirikia hata spika mpya zilizofungwa kanisani kwa ajili ya siku hiyo.

Usingizini nikajikuta jikoni mwa kanisa. Si hili la sasa, ni lile la zamani la mabanzi lililokwisha kubomolewa. Baridi imeingia mpaka kwenye vyungu. Mama Damari ameinama kwenye beseni, anaosha vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Hivyo ndivyo alivyoshauri watu enzi za uhai wake. Aliyekuja na shida alipewa kitambaa akaushe, yeye anaosha, na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni. Maneno yalitoka yenyewe, taratibu. Maombi aliyaacha mwisho. "Nitaombaje wakati sijajua naombea nini?" alikuwa akisema.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mwanamke yule hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ianguke chini, hata ya mlevi. Akaninyooshea kitambaa bila kugeuka, na hapo nikaona kwamba amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge, amelala. Nikamtambua kwa sweta. Sweta ya kijani, aliyofumiwa na Salome, ndiyo aliyozikwa nayo.

Nakausha kikombe. Nainua macho, tuko kanisani.

Kanisa limejaa. Mkononi sina kitambaa tena, nimeshika kipaza sauti, na mbele yangu kuna mstari wa watu. Nawajua wote, ni watu waliowahi kukaa nami. Anakuja mwalimu aliyefiwa na mume, anasema, "Nimepona." Makofi. Anatoka kwa mlango wa pembeni, unajifunga nyuma yake. Anakuja seremala aliyekuwa anapambana na pombe. "Nimepona." Makofi, mlango. Nami najua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba kwa nje mlango ule hauna kitasa.

Kisha wanaanza kugonga.

Wanagonga polepole kwanza, kama wageni wenye adabu. Halafu kwa viganja. Mchungaji anaipungia kwaya mkono. "Imbeni, imbeni." Kwaya inapaza, spika mpya zinanguruma, na washarika wanapiga makofi wakitabasamu. Mama Damari anakuja katikati ya mabenchi, mikono yake inachuruzika maji. Nilimfahamu miaka mingi, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Amekasirika mpaka midomo imekauka.

"Wanagonga, Ezekia."

"Nasikia, mama."

"Unasikia. Na umeshika nini?"

Nakitazama kipaza sauti. Najaribu kukiweka chini, hakitoki mkononi.

"Mchungaji ndiye aliyeamua," nasema.

"Mchungaji hajakaa na Salome. Wewe umekaa naye. Msomi wangu wa vitabu vya mtumba, umesoma vyote hivyo, mlango tu hukuuona?"

Sasa mwenye zamu ni Salome. Amevaa nguo nyeupe ambayo si yake, imembana mabegani. Anakisogelea kipaza sauti. Anafungua mdomo. Mtoto mgongoni mwa Mama Damari anafumbua macho, anamtazama mama yake, halii.

Mama Damari akamweka sawa mtoto kwenye kitenge. Sauti yake ikashuka.

"Huyu namlea mimi, hana shida. Mwambie mama yake alie mpaka atosheke. Na mlango ukae wazi."

Nikaukimbilia mlango. Nikausukuma kwa bega, nikaupiga ngumi, na kwaya inaimba, na nikaupiga tena.

"Baba Neema! Unapigana na nani?"

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani. Ngumi yangu ilikuwa ukutani, imechubuka.

"Na kwaya," nilisema.

Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka. Sikurudi kulala. Kabla ya kengele ya kwanza nilimpigia Salome simu.

"Usije mbele leo. Pitia uani, jikoni. Kuna vikombe vya kuosha."

"Na mchungaji?" aliuliza.

"Namwendea sasa hivi."

"Kaka, wewe huwa hukasiriki."

"Leo nimekasirika."

"Na nikilia juu ya vikombe vya Meza ya Bwana?"

"Tutavisuuza tena."

Nilivaa viatu nikatoka. Maneno ya kumwambia mchungaji nilikuwa nayo mdomoni, tayari. Habari ya sweta ya kijani niliitunza, nimpe Salome tukiwa tumesimama kwenye beseni, yeye anaosha, mimi nakausha.