Miaka ya Gaspard Chini ya Ziwa

Josée, mtoto wa dada yangu, ana miaka hamsini na miwili, na kazi yake ni kuchuja matope. Majirani wa mtaa wetu wa Songo walimcheka sana. "Mama, ziwa lote limejaa ndagala, weye unavua matope?" Alikuwa akiwajibu, "Ndagala haikumbuke kitu."

Matope yanakumbuka. Kilima kikiungua, mvua hushusha chembe za makaa hadi mtoni, mto huziingiza ziwani, nazo hutulia chini, mwaka juu ya mwaka. Watafiti hushusha tiyo, yaani bomba la plastiki, kutoka kwenye mtumbwi, huipandisha ikiwa na matope, kisha huyakata vipande vyembamba. Josée huloweka kila kipande katika maji ya javel, yale ya kung'arishia nguo. Vyote vilivyomo hugeuka vyeupe isipokuwa makaa. Hapo huyahesabu kwa hadubini: ya majani ni marefu na membamba, ya miti ni manene. Hakusoma chuo. Aliingia kwenye maabara ya watafiti kama mfagiaji, akajifunza kwa kutazama, kama mimi nilivyojifunza kusoma kwenye magazeti yaliyofungiwa chumvi.

Lakini mwaka jana hakuwa akitafuta mshahara tu. Alikuwa akimtafuta baba yake.

Gaspard, shemeji yangu, alikuwa mwenye moto wa kilima chetu. Kila mwezi wa sita, majani yakiwa bado na ubichi kwenye mashina, nyumba zote zilizima majiko. Gaspard aliwasha kilima sehemu kwa sehemu, wanaume wamesimama na matawi mabichi kuuzuia moto. Jioni kila mwanamke alikwenda kuchukua kaa la moto pale, akawasha jiko lake upya. Waliogombana walipatana kwanza, maana huwezi kuchukua moto mmoja na mtu usiyemsalimu. Leo kila mtu ana kiberiti chake na ugomvi wake.

Ikaja amri ya serikali ya kukataza kuchoma. Gaspard akatii. Majani yakarundikana miaka sita, halafu mwezi wa tisa moto ukatokea kusikojulikana, ukala msitu, ukala nyumba kumi na moja na mtoto mmoja. Watu wakamtafuta aliyezoea kuwasha. Wakamfukuza. Alikufa Kavimvira, akisukuma mizigo ya wachuuzi wa mpakani. Siku anafukuzwa nilikuwepo. Nilinyamaza.

Sasa dada yangu Élisabeth alikuwa amedhoofika, akaomba kitu kimoja: azikwe kilimani, karibu na watoto wake wawili waliokufa wadogo. Pierre, mkubwa wa ukoo na kaka wa Gaspard, akakataa. "Muke wa mwenye kuunguza hatalala mu udongo yetu."

"Baba mukubwa, nikikuletea ushahidi?" Josée akauliza.

"Ulete."

Ushahidi wake ulikuwa huu: vipande vya miaka ya Gaspard vionyeshe makaa ya majani peke yake, na ya miti yaanze baada ya yeye kuacha. Vipande vilipelekwa Ulaya kupimwa umri. Jibu likaja: kipande cha juu kabisa kilikuwa cha mwaka 1974. Gaspard alipewa moto, baada ya baba yake, mwaka 1976.

Josée alikaa na ile barua magotini. "Mjomba, ni minye niliimwaga ile miaka."

Siku ile mtumbwini, tiyo ilipanda na maji machafu juu, na chini yake ulaini kama uji. Mtafiti alikuwa amegeuka akikunja kamba. Josée akaiinamisha kidogo, akamwaga yale ya juu, kama tunavyomwaga maji ya mihogo iliyolowekwa. Mwanamke yeyote wa huku angefanya hivyo. Na ile ndiyo ilikuwa miaka hamsini ya mwisho.

Kurudia haikuwezekana. Watafiti walikuwa wameondoka na njia zimefungwa kwa vita. Nikamwambia, "Pierre hajui kusoma. Muonyeshe hivi vya chini, useme ndiyo miaka ya baba yako."

"Baba walimufukuza kwa uongo, mjomba. Na mama nimuzike kwa uongo?"

Tukapanda kilimani pamoja. Pierre alisikiliza vizuri, nitamshuhudia hilo. Alifuata mistari ya karatasi kwa kidole, Josée akimsomea kipande kwa kipande: majani, majani, majani.

"Huyu ni babu yetu. Huyu ni baba. Kweli walichoma hivi," alisema. "Gaspard iko wapi?"

"Hayuko. Miaka yake niliimwaga."

Pierre akakunja karatasi taratibu, akamrudishia. "Basi, mwanangu, hata minye nitawaambia ukoo nini?"

Dada yangu alikufa mvua zilipoanza. Tulitaka angalau alale kando ya mumewe Kavimvira, lakini kaburi la Gaspard hatukuliona. Wamezika wengine juu yake. Tukamweka penye nafasi, kati ya watu tusiowajua. Pierre alishuka kwa pikipiki, akatupa udongo mara moja, akaondoka kabla ya chakula.