Bibi Hakuwa Amenuna

Wiki iliyopita, wodini ninakofanya kazi, mzee mmoja aliyepata kiharusi alishindwa kumtaja mwanawe kwa jina. Nilipomwamkia, akaitika vizuri kabisa. Nikakumbuka harufu ya mapanki.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Pasiansi, mtaa wa kando ya ziwa, mama alianza kununua mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka kiwandani, minofu ilipoanza kupelekwa Ulaya. Bibi, aliyemzaa mama, hakuyapenda. "Wazungu wanakula samaki, sisi tunatafuna mifupa," alisema. Kesho yake aliamka mdomo umepinda, hasemi neno. Mimi nikajua amenuna kwa sababu ya mapanki.

Alasiri ile mama alikuwa anayakaanga uani, mafuta yanalia, na kila mara alikuwa anaingia ndani kuuliza, "Mama, nikupe maji? Uji?" Bibi alimtazama tu. Niliporudi kutoka shule nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamkimbilia mama uani. "Bibi amekununia wewe tu. Mimi ameniitikia."

Leo najua kwamba salamu tuliyoizoea tangu utoto ina njia yake kwenye ubongo, na kiharusi kinaweza kuiacha hata kikiharibu ile ya kutafutia maneno mengine. Siku ile hatukujua hilo, mimi wala mama. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamwamkia tena, na tena, mpaka mapanki yakaungua.