Sehemu Isiyo na Herufi

Salme alipiga video za kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bi harusi, karibu Kisauni nzima. Ukumbini simu hukusanywa mlangoni, wanaume hawaingii, na wanawake huvua mabuibui wakacheza chakacha mpaka jasho liwatoke. Walimruhusu awapige kwa kuwa aliwaahidi kwamba hakuna mwanamume atakayeziona picha zile.

Studio yake ya Kiembeni alishirikiana na Ghanim, mtoto wa ami yake, aliyepiga nikaha na mambo ya wanaume. Kompyuta ilikuwa moja, na diski yake haikuisha kujaa. Programu ya kuhariri ilikwama kazi ikiwa katikati, na Ghanim jibu lake lilikuwa moja: "Tununue diski nyingine."

Salme aliona ile ingetosha wakiigawa vizuri. Asubuhi moja, Ghanim akiwa Likoni kwa mteja, aliketi aigawe upya: sehemu ndogo ya Windows, kubwa ya kazi anazohariri, na ya tatu ya kazi zilizokamilika, ili moja ikifurika isizisumbue nyingine, na Windows ikiharibika iwekwe upya bila kugusa harusi za watu. Mchoro wa diski ulipofunguka, aliona kipande kikubwa kilichojaa, ila hakikupewa herufi ya kukifungulia, kama C au D. Ndiyo maana hakikuonekana kamwe pamoja na sehemu nyingine.

Akadhani ni masalio ya aliyewauzia kompyuta. Akakipa herufi ili akague kabla ya kufuta.

Zilikuwa harusi zake mwenyewe, zimekatwakatwa. Kila kipande kilianzia pale mwanamke alipoinama au dira ilipomteleza begani, kikavutwa karibu, kikapunguzwa mwendo. Kimoja kilikuwa cha Bi Afrah, mtu mzima wa makamo ya mama yake, akicheza kwa furaha siku ya kumwoza bintiye. Na kompyuta ile, zaidi yake, aliigusa Ghanim peke yake.

Ghanim aliporudi, picha ilikuwa bado kiooni.

"Sijampa mtu, wallahi," alisema. "Ni vyangu tu."

"Usimtaje Mungu juu ya uchafu huu! Bi Afrah kakupakulia chakula kwa mkono wake, Ghanim."

"Wafanya kubwa. Hakuna aliyeguswa." Akaketi, akavua viatu kama kila siku. "Na ukisema, ni nani atakuita tena? Fikiri."

Salme alimtazama akijikuna kisigino kwa utulivu, kinyaa kikampanda. Alimnyang'anya ufunguo, akamtoa nje peku, viatu akavitupa nyuma yake.

Kisha akaenda kwa Bi Afrah. Alimwamkia, akamweleza kila kitu bila kupunguza.

"Nawe," alisema Bi Afrah, "picha zetu ukaziweka kwenye kompyuta inayoguswa na mwanamume?"

Salme akamtajia majina ya wengine waliomo.

Wanawake wengine waliitwa. Mmoja alitaka polisi. Wenzake wakakataa katakata: ziende kituoni, kila askari azitazame kwa zamu? Wakaamuru diski iharibiwe mbele yao. Salme alijua kufuta hakutoshi, kwa kuwa kilichofutwa chaweza kurudishwa. Alihamisha kazi safi, akaing'oa diski, na fundi wa madirisha akaitoboa kwa drili huku wanawake wamesimama wakiangalia, wamejifunika midomo kwa leso.

Sasa Salme ana kompyuta yake peke yake na wateja wachache. Wengine humpita njiani bila salamu. Ghanim amepata kamera mpya na anapiga nikaha kama kawaida, kwani wanaume waliambiwa kuna ugomvi wa kifamilia tu. Juzi Salme alikutana naye mlangoni mwa ukumbi. Ghanim akamnyooshea mkono, akacheka, "Salaam aleikum, binamu."

Salme alitema mate chini, akaingia kwa wanawake.