Mjohoro Mbele ya Nyumba ya Malwa

Mimi Kiswahili nimekinyonya. Nilizaliwa Jinja, kwenye laini za askari jela, zile nyumba zao za safu, mjukuu wa mwanajeshi aliyeletwa kutoka upande wa Sudan, na nyumbani kwetu tulibembelezwa kwa Kiswahili, tukachapwa kwa Kiswahili na kuombewa dua kwa hicho hicho. Nilijua kwamba kwa watu wengine wa Uganda hiyo ni lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba mwezini hakuna hewa. Hilo halikunihusu.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa kwenye kikosi cha kupanda miti ya barabarani Jinja. Miche tuliinunua Buwenge, tukiisafirisha imefunikwa magunia isichomwe na upepo. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote wakati ule, na nilikuwa na maringo nayo. Sikupanda mti wa matunda mtaani, maana watoto watatupa mawe na dirisha la mtu litavunjika. Sikupanda chini ya waya za umeme wala karibu na mtaro. Na mbele ya nyumba ya mtu niliweka mti upande wa magharibi, ili kuanzia saa nane, jua linapokuwa kali, kivuli kiangukie mlangoni. Hilo la magharibi nililigundua mwenyewe na nilimhubiria kila aliyekubali kusimama.

Kisha nikahamishiwa Mbale. Mkubwa wangu mpya, mtu mpole mwenye kutembea na mwavuli hata kiangazi, aliniambia tusipande bila kuwauliza wenye nyumba. Mti usiotakiwa na mwenyewe haufiki mwaka. Nikamwambia mimi Kimasaba, lugha ya wenyeji, sijui. Akasema, "Wewe zungumza Kiswahili chako, hapa ni karibu na Kenya, watakuelewa." Nikafurahi kama mtu aliyeambiwa aimbe.

Basi nikaenda nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja nyuma ya soko, nimevaa shati la kaki la kazini na viatu vya baba, vile vizito vya magereza, kwa kuwa matope ya Mbale hayana mzaha. Niligonga, nikasalimu, nikauliza kwa ufasaha wangu wote, "Je, mngependa kupandiwa mti hapa mbele?" Mtaa mzima ulikubali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mti gani. Nilirudi ofisini nimevimba kichwa, nikamwambia mkubwa watu wa Mbale wanapenda miti kuliko watu wa Jinja.

Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mjane aliyepika malwa, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, ambayo wanywaji huizunguka na mirija mirefu. Wimbi lake lilitoka Nakaloke. Alililoweka likachipua, kisha akalianika mbele ya nyumba juu ya magunia, na lazima likauke upesi, la sivyo kimea kinaota ukungu na pombe inachacha. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu siku ile ya kuuliza. Niliruka magunia yake ili nifike mlangoni! Mimi Mwislamu, nikageuza uso, nikauliza swali langu. Akasema, "Ndiyo, afande." Nikachagua mjohoro, mti unaokua haraka na kubaki kijani mwaka mzima, nikauweka upande wa magharibi.

Miche mingi ya mtaa ule iliishia matumboni mwa mbuzi. Mmoja ulivunjwa na mkokoteni, mingine ilikauka. Wa yule mama ulipaa. Aliuzungushia uzio wa miiba, akaumwagilia kila kiangazi kwa maji ya kubeba kichwani, na mvua za mwaka wa tatu zilipoisha ulikuwa umepita paa. Nilimleta mkubwa wangu auone. Nilileta na wageni kutoka Jinja. Nilisimama chini ya kivuli kile nikawaambia, mnaona, mwananchi akishirikishwa! Mama alisimama mlangoni mikono imefungwa tumboni, na kila nilipomgeukia alisema, "Ndiyo, afande." Nikimkumbuka alivyosimama pale, nikiwa nimemweka kama kitu cha maonyesho ya kilimo, natamani ardhi ipasuke.

Siku moja nilipita peke yangu, alasiri, nikielekea sokoni kununua ndizi. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa barabara, magunia ya wimbi ameyatandaza juu ya lami yenyewe. Lori lilipopita aliyavuta kwa haraka, akayarudisha. Wimbi kiasi lilikuwa limeshamwagika na kukanyagwa.

Nikamjia juu. Mimi nina hasira za karibu, baba aliniachia pamoja na viatu. "Mama, unaanika barabarani? Unataka kufa?"

Akasimama. "Jua iko hapa sasa, afande. Kule imeisha."

Nikatazama nyumba yake. Kivuli kilikuwa kimeenea mlangoni hadi kwenye mtaro, kizito, kizuri, vilevile nilivyokipima. Nikauliza kwa sauti iliyopungua mbona hakusema tangu mwanzo kwamba hataki mti.

"Wewe ulikuja na Kiswahili," alisema. Hakusema kwa ukali. "Wale wa zamani, siku ile walichukua mzee yangu, pia walikuja na Kiswahili. Kwa Kiswahili mimi najua sema ndiyo."

"Na kumwagilia je? Nani alikuambia umwagilie?"

"Ikikufa, si wewe unarudi?"

Ndizi sikununua. Nilitembea mpaka giza likaingia, na kila nilipotaka kujitetea nilijitetea kwa lugha ile ile, kwa kuwa ndani yangu hakuna nyingine. Nilimchukia mama yule kidogo, nikiri, kwa kunifanya niwe mmoja wao. Kisha nikajichukia zaidi. Wimbi lile nililiruka kwa miguu yangu. Aliyekuwa hajui kusema ni yeye. Mimi nilikuwa na macho.

Kukata mti wa mji ilikuwa marufuku. Kesho yake nilimdanganya mkubwa wangu kwamba mjohoro umeingiwa na mchwa, nikachukua lori la ofisi na vibarua wenye mapanga na shoka. Nilimweleza mama taratibu kwamba hajakosa, kwamba tunamrudishia jua lake. Aliitikia. Sijui kama alielewa au aliitikia tu. Mti ulikuwa mzito, kamba ikaponyoka, na kazi ya namna ile haifanyiki kwa kunong'ona. "Vuta! Kata huku! Ondoka hapo!" Sauti yangu ilifika mwisho wa mtaa. Ulipoanguka, jua likajaa uwanjani, na mama akatoka na magunia yake, akayatandaza kabla hata hatujamaliza kufagia. Vibarua waliyapakia magogo, matawi tukayaacha kando ya njia yeyote ayafanye kuni. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake nilipumua vizuri.

Wiki iliyofuata nilirudi kumsalimu, mikono mitupu, nafsi nyeupe. Nilipokunja kona nilidhani nimepotea. Mtaa ulikuwa na miti. Mbele ya kila nyumba, kwenye yale mashimo ambayo miche yake ililiwa na mbuzi zamani, kulikuwa na mjohoro umesimama, umezungushiwa miiba, na udongo chini yake umelowa. Nilisogea. Yalikuwa ni matawi yetu. Watu waliosikia nikipiga kelele walikuwa wameyaokota usiku ule ule baada ya lori kuondoka, wakayachomeka ardhini, na sasa majani yalikuwa yamesinyaa na kuwa ya kahawia.

Mzee mmoja aliyekuwa akimimina maji kwenye tawi lake aliniona, akaweka kibuyu chini, akavua kofia.

"Yangu iko, afande," alisema. "Yangu hapana kufa."

Nilitaka kumwambia aache, tawi lile halina mizizi, halitashika hata alimwagilie ziwa zima. Lakini ningemwambia kwa lugha gani? Nikabaki nikilitazama tawi, na yeye, alipoona ninavyolitazama, akainama akachukua kibuyu akaongeza maji.