Mkono Kwenye Jarida la Jirani

Wiki mbili zilizopita binti ya jirani yetu wa zamani alinipigia simu kutoka Kiganjo. Baba yake ameaga, akasema, na wanaandaa kijitabu cha mazishi. Alitaka ule ukurasa wa jarida ambao mzee alikuwa akisema yumo ndani. "Si wewe ndiye ulikuwa unamsomea?" Nikamwambia nitatafuta. Sikumwambia kuwa ukurasa huo niliuharibu mimi.

Acha nikueleze vile ilikuwa, ingawa shule niliiachia darasa la nane na huenda mengine nayachanganya. Nyumba ya nyanya kule Endarasha ilikuwa ya mbao, na upepo wa Kieni uliingia kama hakuna ukuta. Kwa hivyo kila Disemba tulibandika magazeti upya. Nyanya alipika uji mzito wa unga wa ngano, sisi tukaupaka kwa mikono, na kwa siku mbili nyumba ilinuka uji, wino na moshi wa kuni. Kusoma nilijifunzia hapo, nikila githeri, shingo imepinda, maana nyanya hakujali ukurasa umesimama au umelala.

Jirani alikuwa amefanya kazi ujanani Bonde la Ufa, akiwachimbia wataalamu wa mambo ya kale. Si kuchimba kama kwa shamba, alituambia. Unakwangua udongo kwa mwiko wa fundi, unapangusa kwa brashi, unachekecha, upate kigae cha chungu au jivu la watu waliolisha ng'ombe huko kabla yetu. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikatwa na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi akiwa kijana. Kila mwaka profesa wake alimtumia kwa posta jarida lao la akiolojia, jalada rangi ya chai ya maziwa. Kiingereza hakujua. Alinikalisha juu ya gunia la viazi nisome, nami nilisoma bila kuelewa, yeye akitikisa kichwa kama anayekubali.

Lakini toleo moja kuukuu alilifungua mahali pamoja tu, akalaza mkono wa kushoto juu ya karatasi. "Mimi niko humu, mami," aliniambia. Nilidhani mkono ni wa kuzuia upepo, na kwamba jina lake liko katika yale maandishi.

Toleo hilo aliniazima nifanye mazoezi nikiwa darasa la sita. Disemba ikafika, magazeti yakaisha, na karibu na kitanda kukabaki pengo. Nisimwonee nyanya: aliniuliza kama kitabu hicho ni chetu. Mimi ndiye nilijibu kwamba ni cha zamani, hakina kazi. Nikachana katikati, nikapaka uji.

Siku ya Krismasi jirani alikuja kunywa chai. Akaitambua ile karatasi nene. Akaipapasa, akajaribu kona moja kwa ukucha, ikachanika. Ukurasa wake ulikuwa umetazama mbao. Nyanya alielewa kabla yangu, akasimama na birika mkononi, akasema tutabandua hata kama ni kwa maji moto.

"Wacha tu, mama," jirani akasema. "Nimefukua watu miaka mingi. Wacha na mimi nifunikwe kidogo."

Akacheka, akanywa chai yake. Majarida yaliendelea kuja, lakini hakuniita tena kusoma. Labda hakuwa na kinyongo. Mwaka uliofuata niliingia darasa la saba na nilikuwa nachelewa shuleni. Sijui.

Sasa niko Mukurweini. Baada ya ile simu nilimwomba binti yangu aangalie. Sikutarajia kitu. Kumbe jarida bado linatolewa, na matoleo yote ya zamani yako kwa simu. Akapata lile toleo la mzee, akasoma shukrani za mwisho. "Wanashukuru wachimbaji wa kambi, mum. Hakuna majina."

Kwa hivyo sikuwa nimefunika jina la mtu. Nilipumua, kisha nikaona aibu kwa kupumua.

Akasogeza mbele. Picha ya shimo, fimbo ya kupimia ya mistari myeusi na myeupe, na mkono wa kushoto umeishika. Mtu mwenyewe picha imemwacha nje. Kidole kidogo ni nusu. Sitaapa, mashine ya nyasi imekata wengi. Nililaza mkono wangu juu yake kama alivyofanya, na kioo cha simu kikahisi kiganja, picha ikaruka.

Nilimpigia binti ya jirani kule Kiganjo nikaeleza yote, hata uji. "Tuma huo mkono," akasema.

Nyumba ya nyanya siku hizi ni ya mawe, imepakwa rangi, na haina kitu cha kusoma. Mbao zake zilipikia githeri zamani, na ule ukurasa ndani yake. Pale mazishini watu waliuliza kwa nini kijitabu kina picha ya mkono peke yake. Binti ya jirani alikifungua chake magotini, akalaza kiganja juu ya karatasi. Kulikuwa na upepo, lakini safari hii sikudhani anauzuia.