Transista ya Nyongeza

Kaka yangu haamini kitu kilichonunuliwa bila nyongeza. Akipimiwa gorogoro la omena, wale dagaa wa ziwani, lazima aongezwe konzi juu. Hata mimi napenda kuvutana bei, ila nyongeza huwa naihesabu mara mbili kabla ya kuishukuru.

Friza yetu pale Dunga ilitegemea sola, na kati ya betri na friza kulikuwa na inveta ya kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha friza. Ilikufa Jumamosi asubuhi, friza ikiwa imejaa ngege wa mama mmoja wa Maseno anayepikia wanafunzi. Alikuwa ametupa nafasi moja: samaki wakimpendeza, atanunua kwetu kila wiki.

Kaka ni wa samaki, mimi ni wa ufundi. Nilifungua inveta, nikakuta transista nne za upande mmoja zimeungua. Nikamtuma mjini na moja kama sampuli.

Alirudi anacheka. "Omera, ndugu yangu, nimelipia tatu. Ya nne nyongeza!"

Nikasoma namba. Nikasoma tena. Tatu zilifanana. Ya nne ilikuwa ya namba nyingine, miguu imeshakatwa, imeng'olewa kwenye redio ya marehemu fulani.

"Hii haiingii."

"Ina miguu mitatu kama wenzake. Unataka iwe na mkia?"

Nikamweleza. Mguu mmoja unaitwa geti. Umeme haupiti hapo. Kuna utando mwembamba kama kioo unaouzuia. Volti ikifika kwenye geti inasukuma tu kwa mbali, na njia inafunguka kati ya ile miguu miwili mingine. Ikiondoka, njia inajifunga. Zikipangwa nne bega kwa bega, sharti zifunguke pamoja. Inayowahi kufunguka inabebeshwa mzigo wa zote.

"Basi hiyo ndiyo mchapakazi," akasema.

Nikaenda mjini mwenyewe kutafuta ya nne. Niliporudi nayo, friza ilikuwa inanguruma. Kaka alikuwa ameshika chuma changu cha kuchomelea, zote nne ameshazichomelea, na ile ya nyongeza ndani.

"Zima," nikamwambia.

"Nizime friza yenye samaki? Wewe ni fundi ama mchawi?"

Akina mama waliokuwa wakiparua samaki wakaangua kicheko. Kilichonikera zaidi ni kwamba ilikuwa inafanya kazi.

Jumapili tulishinda kanisani na friza ikabaki peke yake. Jumatatu tulipoifungua, samaki walikuwa wanaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Ndani ya inveta ile mchapakazi ilikuwa imepasuka katikati, na zile tatu zimeifuata.

Kaka akanunua barafu, akawafunika, tukawapeleka hivyo hivyo. Mama wa Maseno aliinua shavu la samaki mmoja kwa kidole, akanusa, akalirudisha taratibu.

"Baba, hawa walilala wapi?"

Hakungoja jibu. Alitoa simu na kuagiza ngege kwa mtu mwingine, sisi tukiwa tumesimama mbele yake na beseni mikononi.

Njiani kurudi, kaka aliniuliza kama kweli huu ufundi niliusomea.